CHETI CHA NDEGE SI SIRI YA OFISI

Katika soko la madini la Chunya, dhahabu peke yake haitoshi. Tangu soko hilo lilipofunguliwa mwaka 2019, mchimbaji mdogo, dalali na mnunuzi wamejifunza kwamba mtu hupimwa kwa karatasi zake kabla mali yake haijapimwa kwenye mizani. Nani ana leseni? Leseni hiyo ni ya eneo gani? Inakwisha lini? Hayo ni maswali ya kila siku, na hakuna anayeyaona kuwa ni matusi. Mchimbaji ambaye hakumaliza hata darasa la saba anaijua tarehe ya kwisha kwa leseni yake kama anavyoijua siku aliyozaliwa mwanawe wa kwanza.

Lakini mchimbaji huyo huyo, akishauza mali yake na kuvuka milima mpaka Mbeya, akafika kiwanja cha ndege cha Songwe ili awahi shughuli zake Dar es Salaam, mazoea hayo mazuri humtoka ghafla. Hununua tikiti, mzigo wake ukapimwa, akapanda ngazi na kufunga mkanda. Haulizi chombo kile kinaruka kwa cheti cha nani. Haulizi cheti hicho kinaruhusu nini na kinakataza nini. Wala hapana mahali pale kiwanjani alipoandikiwa habari hizo kwa lugha anayoielewa. Mtu aliyekataa kununua gramu tano za dhahabu bila karatasi, anayakabidhi maisha yake kwa imani tupu.

Lawama ya jambo hili haimwangukii mchimbaji. Inawaangukia wale wanaofanya biashara ya kubeba watu angani, na wale waliopewa dhamana ya kuwasimamia, ambao kwa miaka mingi wamekichukulia kibali cha kurusha ndege kuwa ni shauri lao wenyewe: karatasi ya kupitishwa kutoka ofisi hadi ofisi, isiyomhusu anayelipa nauli. Mtazamo huo ni mbovu, umekwisha kuligharimu Taifa, na hapana budi ukomeshwe.

Karatasi zenyewe

Kwanza wananchi waelezwe karatasi zenyewe ni zipi, maana ujinga wa jambo hili ndio mbolea ya ubabaishaji.

Kampuni inayotaka kubeba abiria kwa malipo nchini Tanzania inahitaji ruhusa za namna mbili. Ya kwanza ni leseni ya huduma za usafiri wa anga, ambayo ni ruhusa ya kufanya biashara. Hapo hutazamwa mtaji, umiliki, bima na uwezo wa kampuni kuitimiza ahadi yake kwa wateja. Ya pili ni cheti cha mwendeshaji wa ndege, na hiki kinahusu usalama. Zote mbili hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kampuni inaweza kuwa na fedha nyingi ikakosa cheti, au ikawa na marubani hodari na bado ikapoteza leseni kwa sababu ya madeni.

Cheti hicho hakipatikani kwa siku moja. Utaratibu unaofuatwa duniani una hatua tano: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, ukaguzi wa vitabu na miongozo, ukaguzi wa vitendo pamoja na safari za majaribio, na mwisho utoaji wa cheti chenyewe. Kampuni hutakiwa kuwataja kwa majina watu wanaoshika nyadhifa nyeti: mkuu wa marubani, msimamizi wa matengenezo, msimamizi wa usalama, na juu yao meneja mwajibikaji, yaani mtu mmoja mwenye mamlaka ya kutoa fedha na ambaye ndiye atakayeulizwa mambo yakiharibika. Cheti huambatana na karatasi za masharti zinazoeleza ni ndege za aina gani zinazoruhusiwa, zitaruka katika maeneo gani, zitabeba nini, na zinaweza kutua katika hali gani ya hewa. Kanuni za kimataifa, zilizotokana na Mkataba wa Chicago uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, zinataka nakala iliyothibitishwa ya cheti hicho iwemo ndani ya ndege, pamoja na cheti cha usajili, cheti cha kustahili kuruka na leseni za marubani.

Na cheti kina tarehe ya kwisha. Siku kilipotolewa kilithibitisha kwamba kampuni ilikuwa sawa siku ile. Fundi mmoja muhimu akiacha kazi bila kupata mrithi, vipuri vikianza kukopwa kutoka ndege moja hadi nyingine bila kuandikwa, mafunzo ya marubani yakiahirishwa kwa sababu fedha zimekwenda kulipia mafuta, cheti kinaanza kufa hata kama karatasi yake bado inang'aa ndani ya fremu. Kampuni ikingoja wiki ya ukaguzi ndipo ianze kutafuta saini zilizokosekana, hapo haikitunzi cheti chake. Inawadanganya wakaguzi, na kwa njia hiyo inawadanganya abiria.

Funzo la 2008

Wako watu wanaodhani kwamba ubovu huu ni wa makampuni ya watu binafsi peke yake, na kwamba shirika la umma kwa kuwa ni la umma limo salama. Historia inawasuta.

Shirika la Ndege la Tanzania liliundwa mwezi Machi 1977, mara baada ya kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ambalo lilikuwa likiruka tangu 1946. Lilizaliwa katika shida, na kwa miaka mingi lilikuwa fahari ya nchi. Mwaka 2002 sehemu yake ya asilimia 49 iliuzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini. Mwaka 2006 ubia huo ukavunjwa na Serikali ikalichukua tena shirika lake. Miaka miwili tu baadaye, mwezi Desemba 2008, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ililinyang'anya cheti shirika hilo la Taifa kwa sababu ya kasoro zilizoonekana katika ukaguzi. Ndege zikakaa chini. Jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege nayo ikalifungia milango yake. Cheti kilirudishwa baadaye, lakini abiria waliokuwa wamezoea kulitegemea shirika hilo walikuwa wamekwisha kutafuta njia nyingine.

Ipo hoja inayosemwa pembeni kwamba mkaguzi anayeliadhibu shirika la umma analihujumu Taifa. Hoja hiyo ni ya hatari. Mkaguzi aliyeisimamisha ndege ya Serikali mwaka 2008 alifanya kazi ya Serikali kuliko yule aliyeiacha kasoro hiyo ikue mpaka ikafika kiwango cha kuadhibiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika usafiri wa anga huenda usipate hata nafasi ya kuujenga ukuta huo. Shirika la umma likitaka kuheshimiwa, liwe la kwanza kukaguliwa na la kwanza kutii.

Desemba 2018

Miaka kumi kamili baada ya hapo, ilikuwa zamu ya kampuni ya watu binafsi, na safari hii watu wa Nyanda za Juu Kusini hawakuisoma habari hiyo kwa mbali.

Kiwanja cha Songwe kilianza kupokea ndege mwezi Desemba 2012, kikachukua nafasi ya kiwanja kidogo cha zamani kilichokuwa mjini Mbeya. Wakati huo huo, Novemba 2012, kampuni ya Fastjet ilianza safari zake nchini kwa nauli za chini, na Mbeya ikawa moja ya vituo vyake. Si jambo dogo hilo. Mfanyabiashara wa Makongolosi, mkulima wa tumbaku wa Lupa, mwalimu anayempeleka mama yake hospitali kubwa, wote waliona kwamba safari ya kilomita zaidi ya 800 iliyowachukua mchana kutwa na sehemu ya usiku barabarani, sasa inaweza kukatwa kwa saa moja na nusu hivi. Ndege iliacha kuwa chombo cha wakubwa.

Lakini ni abiria wangapi walioelezwa kwamba kampuni hiyo ilipoanza iliruka kwa cheti cha kampuni nyingine, Fly540? Jambo hilo halikuwa kosa, kwani sheria za usafiri wa anga zinaziruhusu njia za namna hiyo kwa masharti. Kosa ni kwamba jina lililopakwa ubavuni mwa ndege ndilo pekee lililomfikia mwananchi, na jina lililoandikwa juu ya cheti likabaki kabatini.

Ulipofika mwezi Desemba 2018, katika msimu wa kwenda makwao kwa Krismasi, Mamlaka ilitangaza kwamba kampuni hiyo imepoteza sifa. Madeni yalikuwa yamelundikana na meneja mwajibikaji hakuwapo. Kampuni ikapewa notisi ya siku 28 ijieleze kabla ya kufutiwa leseni. Mamlaka ilitimiza wajibu wake, na hapa hailaumiwi kwa kuchukua hatua. Swali ni hili: je, madeni yale yalizaliwa mwezi Desemba? Kampuni haianguki kwa siku moja kama embe bivu. Kulikuwa na wiki na miezi ambayo hali ya kampuni ilikuwa ikijulikana kwa wenye kampuni, na tikiti za sikukuu zikaendelea kuuzwa. Mwananchi aliyelipa nauli mapema kwa kuwa alitaka bei ya chini ndiye aliyekuwa wa mwisho kupata habari, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kupoteza fedha.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Maombi ya leseni hutangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Kampuni ikizindua njia mpya, kuna ngoma, kuna utepe na kuna picha magazetini. Lakini kibali kinapodhoofika, habari hutembea kwa minong'ono. Mwenye ndugu ofisini anaambiwa asikate tikiti. Asiye na ndugu anaambiwa na mlinzi kiwanjani kwamba leo hakuna ndege. Huo ni ubaguzi wa habari, na ubaguzi wa habari ni aina ya unyonyaji.

Rubani aliyerudi

Ukosefu wa elimu juu ya vibali una madhara mengine, nayo huwageukia hata wale wanaofanya kazi yao vizuri. Wasafiri wa Songwe wanaufahamu ukungu. Mara ngapi ndege imekuja kutoka Dar es Salaam, ikazunguka juu ya mawingu, kisha ikageuza na kurudi ilikotoka! Abiria hukasirika. Humtukana rubani kwamba ni mwoga, na kampuni kwamba ni ya matapeli.

Hawajaambiwa kwamba katika masharti ya kibali kuna kiwango cha mwisho cha uwezo wa kuona, ambacho rubani akikikosa haruhusiwi kushuka. Kiwango hicho hutegemea vyombo vilivyomo katika ndege, vyombo vilivyopo kiwanjani na mafunzo ya rubani mwenyewe. Rubani anayegeuza ndege anakitii cheti. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilitumbukia katika Ziwa Victoria, na kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walipoteza maisha. Msiba ule utawakumbusha daima Watanzania kwamba hali ya hewa haina mzaha. Abiria aliyefundishwa maana ya masharti ya kibali atamshukuru rubani aliyemrudisha Dar es Salaam akiwa hai, na atamwogopa yule anayejisifu kwamba yeye hutua hata pasipoonekana kitu.

Hapa pia ndipo panapostahili kukanushwa ule msemo unaopendwa na wazembe, kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una haki yake matangani, kwa kuwafariji wafiwa. Ukitamkwa na mwenye kampuni au mkaguzi, unageuka kuwa kisingizio. Miongozo, saini za mafundi, mafunzo ya marubani na masharti ya hali ya hewa viliwekwa kwa sababu ajali nyingi zina kinga, na kinga yenyewe ni kazi ya kila siku isiyo na shangwe.

Orodha ya Ulaya

Mwezi Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliingiza Shirika la Ndege la Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, baada ya shirika hilo kukataliwa ruhusa iliyokuwa imeombwa huko. Mwezi Juni 2025 orodha hiyo ilipanuliwa ikayakumba mashirika yote yaliyopewa vyeti nchini Tanzania. Maana yake si ndogo. Waliokosolewa sasa hawakuwa wenye ndege peke yao; ilikosolewa saini ya anayewapa vyeti.

Kulizuka sauti za kusema kwamba huo ni ukoloni mamboleo. Ni kweli kwamba Afrika imewahi kuhukumiwa mara nyingi na watu wasioijua, na kwamba orodha hiyo, iliyoanza mwaka 2006, imejaa majina ya nchi maskini. Hayo yasemwe bila woga. Lakini hasira haijawahi kumtoa mtu katika orodha hiyo. Jirani wa Tunduma, Zambia, aliwekwa humo mwaka 2009 akatoka mwaka 2016. Msumbiji iliingia mwaka 2011 ikatoka mwaka 2017. Hazikutoka kwa hotuba. Zilitoka baada ya kuonyesha kwamba usimamizi wao umebadilika, kwamba kasoro zilizotajwa zimerekebishwa, na kwamba wakaguzi wao wanaweza kulithibitisha hilo kwa karatasi na kwa vitendo.

Tena kuna jambo ambalo wapiga kelele hawalitaji. Sheria ile ile ya Ulaya ya mwaka 2005 iliyounda orodha hiyo inamlazimisha anayeuza tikiti kumwambia abiria ni kampuni gani hasa itakayorusha ndege yake, na kumwarifu inapobadilika. Mzungu amejiwekea haki hiyo kwa faida yake. Kwa nini abiria wa Chunya asipewe haki kama hiyo na nchi yake mwenyewe, bila kungoja afundishwe na mtu wa nje?

Visingizio vya wakubwa

Watendaji watasema kwamba mambo haya ni ya kitaalamu mno, na kwamba kumweleza mwananchi wa kawaida ni kumtia hofu. Hii si kweli hata kidogo. Mwananchi wa kawaida wa Chunya anaelewa mipaka ya leseni ya uchimbaji, anaelewa mrahaba, anaelewa bei ya dhahabu inavyopanda na kushuka huko London. Basi analopanda kwenda Mbeya lina leseni ya kubeba abiria, naye anajua kwamba basi lisilo na leseni litakamatwa. Hakuna sababu ya kuamini kwamba akili yake humwisha anapofika penye ndege.

Watasema pia kwamba kutangaza kasoro kutaharibu biashara. Biashara ya nani? Kampuni iliyotunza vyeti vyake haina cha kupoteza ikivibandika ukutani. Kinyume chake, giza ndilo linalomwezesha mbabaishaji kusimama bega kwa bega na mwenye kufuata sheria, na kumshinda kwa nauli, kwa kuwa hakutumia fedha zake katika mafunzo na matengenezo. Na zaidi wapo wale wenye ndege ndogo za binafsi ambao humchukua mtu kwa malipo ya chini chini kwenda machimboni au mbugani, wakati chombo chao hakina cheti cha kubeba abiria wa kulipa. Ajali ikitokea hapo, familia ya marehemu inaweza kugundua kwamba hata bima haina la kusema.

Yanayopasa kufanywa

Yanayotakiwa si makubwa wala hayahitaji mkopo kutoka nje. Kila kampuni ibandike nakala ya leseni na cheti chake mahali inapouzia tikiti, kiwanjani Songwe na kwa mawakala wake wote, pamoja na muhtasari wa Kiswahili unaoeleza cheti kinaisha lini na kinaruhusu ndege zipi. Tikiti imtaje mwenye cheti kitakachotumika, na ndege ya kukodishwa ikiletwa badala ya ile iliyotangazwa, abiria waambiwe kabla hawajapanda. Mamlaka iweke wazi daftari la vyeti vyote, na kinaposimamishwa au kuwekewa masharti mapya, redio na magazeti yatangaze siku hiyo hiyo, na tangazo libandikwe katika kila kiwanja kampuni hiyo inakotua. Kampuni iliyopewa notisi izuiwe kuuza tikiti za tarehe ambazo haina uhakika wa kuzifikia, na nauli zilizokwisha kulipwa zilindwe zisimezwe na wadai wengine. Na mkaguzi anayeandika kasoro ya shirika kubwa apewe kinga ya kutosha, asije akahamishwa kwa kosa la kusema kweli.

Wafanyakazi nao wana sehemu yao. Fundi anayetia saini kazi ambayo hakuifanya, kwa kuwa meneja amemwambia ndege inangojwa, amekiuza cheti cha kampuni nzima kwa bei ya woga wake. Fundi anayekataa anastahili heshima ile ile anayopewa askari aliyelinda mpaka.

Bonde la Lupa lilijulikana kwa dhahabu yake tangu miaka ya 1920, na kuanzia mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilizokuwa zikienda Cape Town zilikuwa zikitua Mbeya zikiwa na barua na abiria wa Kizungu. Mwafrika wa Chunya aliziona zikipita juu ya kichwa chake. Leo anapanda yeye mwenyewe, kwa fedha aliyoichimba kwa jasho lake, na ndani ya kiti kile huwa na haki sawa na waziri aliyekaa mbele yake. Haki ya kwanza kati ya hizo ni kujua aliyempandisha amepewa ruhusa na nani, mpaka lini, na kwa masharti gani. Siku ambayo mchimbaji atasimama mbele ya dirisha la tikiti Songwe na kuuliza, kama anavyouliza pale sokoni, "Leseni yenu iko wapi?", na akajibiwa kwa heshima badala ya kuchekwa, siku hiyo hata orodha za watu wa nje zitapungukiwa na la kuandika.